Nyaya za Tangi la Samaki Sebuleni

Siku hizi si ajabu kuingia sebuleni kwa mtu ukakuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi, limewekwa pale ambapo zamani palikuwa na kabati la vyombo. Samaki wa dhahabu, magapi, na wale wembamba wenye mistari hupita mbele ya taa ya buluu, na mgeni hujikuta amenyamaza akiwatazama. Sisi hatuna ugomvi na samaki hao. Mtoto mwenye homa hutulia akiwaangalia, na hata mtu mzima aliyetoka kazini na kichwa kizito hupata nafuu kidogo. Ugomvi wetu uko nyuma ya tangi. Hebu, mama, chungulia pale nyuma kesho asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha. Utaona waya wa taa, waya wa pampu ya hewa, waya wa kichujio na, kwa wanaokaa kwenye baridi kama Njombe, Arusha au Nairobi, waya wa hita ya kupasha maji. Zote zimesokotana kama matumbo ya kuku na kushuka hadi kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni katikati ya vumbi.

Ufugaji huu si wa jana wala juzi. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote mwaka 1853, wakati hakuna nyumba iliyokuwa na soketi ukutani. Tena baadhi ya samaki wanaopendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani ni wa kwetu, asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Lakini hayo ni ya pembeni, turudi kwenye nyaya.

Tunajua mambo yanavyokwenda majumbani. Mtoto anapata kipaimara Jumapili, wageni watajaa, na zile nyaya zinakera macho. Basi mama huzikusanya, huzifunga kwa mpira wa nywele, huzisukuma nyuma ya kabati na kutandika juu yake kitambaa kizuri cha kushona kwa mkono. Kwa macho, sebule imependeza. Kwa upande wa umeme, pengine hatari imeongezeka kuliko ilivyokuwa kabla hajagusa kitu. Mwezi huu tungependa tuzungumzie namna ya kuzipanga nyaya hizo zipendeze na pia zisimdhuru mtu. Kazi yenyewe ni ya saa moja hivi.

Maji hufuata waya

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba maji hupenda kuteremka juu ya waya. Samaki akirusha maji kwa mkia, au mapovu ya pampu yakipasuka juu, au mvuke ukiganda chini ya mfuniko na kuwa matone, maji hayo hushika waya wa taa na kushuka nao polepole, tone kwa tone, hadi mahali waya unapoishia. Na waya huishia wapi? Kwenye plagi. Kama plagi iko chini kuliko tangi, na katika nyumba nyingi ndivyo ilivyo, basi waya umekuwa mfereji wa kupeleka maji ndani ya soketi.

Dawa yake haigharimu hata senti. Uache waya ulegee, ushuke chini kupita usawa wa soketi, kisha upande tena kuingia kwenye soketi. Tone likifika mahali pa chini kabisa pa mzunguko huo, haliwezi kupanda mlima. Litadondoka sakafuni. Mzunguko ukishuka sentimita 10 au 15 chini ya soketi unatosha, na kila waya uwe na wake: wa taa, wa pampu, wa kichujio na wa hita. Ndiyo maana kuzivuta nyaya zikanyooka ili zionekane nadhifu ni kosa. Katika kazi hii, waya ulionyooka kutoka kwenye tangi hadi kwenye plagi ndio mbaya, na ule uliolegea ndio mzuri.

Utaona mara moja kwamba ekstensheni iliyolala sakafuni haiwezi kupewa mzunguko huo, kwa sababu hakuna chini ya sakafu. Kwa hiyo ekstensheni ipande. Ifungwe kwa skrubu ubavuni mwa kabati au ukutani, nusu mita hivi kutoka sakafuni, na iwe pembeni ya tangi, isikae chini yake wala nyuma yake. Tangi likivuja usiku, maji yashuke yakipita mbali na soketi. Wenye matangi ya maji ya chumvi, hasa ndugu zetu wa pwani wanaopenda samaki wa baharini, waongeze uangalifu. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji baridi, na chumvi yenyewe hutambaa juu ya waya na kuacha ukoko mweupe hadi kwenye plagi. Ukoko huo ufutwe kila unapoonekana, plagi ikiwa imechomolewa.

Pampu ya hewa nayo ina ujanja wake. Ikiwekwa chini kuliko tangi na umeme ukakatika, maji huweza kurudi nyuma kupitia mpira mwembamba wa hewa hadi ndani ya pampu. Iweke juu ya usawa wa maji, au ununue kile kidude kidogo cha plastiki kinachoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Wauzaji wa samaki wanacho.

Kidoleni alama ndogo, ndani jeraha kubwa

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi huwaona watu baada ya jambo kutokea, na tungependa kuwaona kabla. Tunamkumbuka binti mmoja wa kazi za nyumbani aliyeletwa tukiwa zamu. Alikuwa akifuta vumbi juu ya mfuniko wa tangi kwa kitambaa kibichi, miguu peku juu ya vigae. Waya wa taa ulikuwa umewahi kukatika, na fundi aliyeitwa akauunga kwa kusokota tu na kuuviringishia selotepu ya kufungia karatasi. Binti alirushwa akagonga meza. Kidoleni alikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele, na mwenye nyumba alishangaa kwa nini tunamlaza mtu kwa alama ndogo namna ile. Lakini mapigo ya moyo wake yalikuwa yakiruka. Alilala chini ya uangalizi hadi siku ya pili, ndipo yakatulia.

Umeme haufanani na moto wa jiko. Moto huunguza pale ulipogusa. Umeme huingia mahali pamoja na kutokea pengine, na njiani hupita kwenye misuli, mishipa na moyo. Kwa kipimo cha miliampea, mtu huanza kuhisi kimwasho kwenye 1 hivi. Ukifika 10 na kitu, misuli ya mkono hujikunja na mtu hawezi kuachia alichoshika, hata akitaka. Ukifika 30 na kuendelea, kupumua huwa shida na moyo uko hatarini. Kati ya 50 na 100 moyo huweza kuacha kupiga kwa utaratibu na kuanza kutetemeka tu, na moyo unaotetemeka hausukumi damu.

Sasa, ngozi kavu ya mkono huzuia umeme kwa kiasi kikubwa. Ngozi iliyoloa haizuii vya kutosha. Mkono ukiwa ndani ya maji na mguu peku ukiwa juu ya sakafu ya saruji, umeme wa volti 230 wa nyumbani kwetu unaweza kupitisha mwilini miliampea 200 au zaidi. Hapo hakuna mazungumzo. Kandambili za mpira zinasaidia kiasi, lakini mtu asizitegemee kama ngao.

Wengi hutuambia, "Mbona samaki ni wazima? Maji yangekuwa na umeme si wangekufa?" Hapana, mama. Tangi ni la kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hita ikipasuka au taa ikitumbukia, maji yote huweza kuwa na umeme wa kuua na samaki wakaendelea kuogelea, kwa sababu umeme haujapata njia ya kutokea ardhini. Ni kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo. Njia hupatikana mtu anapoingiza mkono akiwa amesimama sakafuni. Kwa hiyo samaki wazima si ushahidi. Na ukiwa na mkwaruzo kidoleni, ukahisi kitu kama kuchomwa na sindano ndogo unapogusa maji, usidhani ni chumvi au baridi. Ondoa mkono, zima swichi ya ukutani, chomoa vyote, umwite fundi.

Plagi ya miguu miwili na kalamu ya mtoto

Hili linatukera kuliko yote. Taa nyingi za tangi zinazouzwa madukani huja na plagi ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, za mtindo wa Kiingereza uliowekwa mwaka 1947. Basi tunafanyaje? Tunachukua kalamu au kijiti cha kiberiti, tunakitia kwenye tundu la juu ili vifuniko vya chini vifunguke, kisha tunaisukumiza ile miguu miwili. Nani hajaona jambo hili? Vile vifuniko viliwekwa makusudi ili mtoto asiingize kijiti, na sisi mbele ya mtoto tunamfundisha jinsi ya kuvifungua. Tena plagi iliyosukumizwa hivyo hukaa ikiwa imelegea, hutoa cheche, hupata joto, na haina fyuzi ndani. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au umwambie fundi aikate ile plagi na kufunga ya miguu mitatu. Kwa plagi ya taa fyuzi iwe ya ampea 3. Ile ya ampea 13 ni ya birika na pasi.

Na fyuzi yenyewe tuielewe vizuri. Fyuzi hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Fyuzi ya ampea 3 ni miliampea 3,000, nasi tumekwisha kuona kwamba 30 tu zinatosha kuuhatarisha moyo. Mtu anaweza kufa kabla fyuzi haijajua kwamba kuna jambo. Kinachomlinda mtu ni kile kikata umeme ambacho mafundi hukiita RCD, na wengine kwa mazoea ya zamani huita ELCB. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kama umekwenda mwingi na kurudi pungufu, maana yake mwingine unapita mahali pasipostahili, pengine mwilini mwa mtu, nacho hukata kwa kipande kidogo cha sekunde. Dada, ukinunua, soma kilichoandikwa juu yake: iwe 30 mA. Viko vya 100 na 300, lakini hivyo ni vya kuzuia moto, si vya kuokoa mtu. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kikibonyezwa lazima umeme ukatike. Bonyeza mara moja kila mwezi, na kama hakikati, kibadilishwe. Wasioweza kufunga kwenye ubao wa nyumba nzima wanaweza kupata kile cha kuchomeka kwenye soketi moja, na kwa tangi la samaki kinafaa kabisa.

Kuhusu ekstensheni, tuseme kwamba vifaa vya tangi havili umeme mwingi. Taa ni wati 20 hadi 40, kichujio 10 au 20, pampu ya hewa 5, na hita 100 hadi 200. Jumla haifiki 300. Shida huanza pale mwenye nyumba anapoona kwamba tundu moja limebaki wazi, akachomeka pasi, na jioni mwingine akaongeza birika. Ampea 13 mara volti 230 ni wati 2,990 tu, na birika la 2,200 pamoja na pasi ya 1,200 zimekwisha kupita hapo. Ekstensheni ya tangi iwe ya tangi peke yake. Na ekstensheni ya bei ya kutupa, yenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu, haifai hata kwa redio.

Siku ya kupanga

Chagua siku isiyo na haraka. Mtoto mdogo apelekwe kwa jirani, au alale. Kabla ya kugusa maji, zima soketi ya ukutani na uchomoe plagi zote, moja moja, kwa mikono mikavu. Hita isubiriwe dakika 15 hadi 30 ipoe ndani ya maji, maana ikitolewa ya moto huweza kupasuka. Samaki hawatakufa kwa kukosa pampu kwa saa moja, kama tangi halijajazwa samaki kupita kiasi.

Tafadhali, usifanye kazi hii kwa kutegemea kwamba umeme umekatika mtaani. Tunasema haya kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya: umeme ukikatika ndipo wanapata nafasi ya kuosha tangi, na plagi zimebaki ukutani. Umeme huo hauji na hodi. Hurudi ghafla wakati mkono uko majini hadi kwenye kiwiko.

Vyote vikiwa vimechomolewa, papasa kila waya tangu mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali palipochubuka, pagumu, palipobadilika rangi, au palipotafunwa na panya. Waya wenye jeraha usifungwe plasta, ubadilishwe. Ule uliozeeka ukawa mgumu na wenye nyufa uende, hata kama taa bado inawaka. Taa za mirija ya zamani hubeba umeme mkubwa hadi kwenye ncha za mrija, pale pale penye mvuke, kwa hiyo angalia mipira ya kuziba maji kwenye ncha hizo. Ukiwa na uwezo, badilisha uweke taa ya LED yenye kigeuza umeme kinachoushusha kuwa volti 12 au 24. Kwa namna hiyo kinachokuwa juu ya maji ni umeme mdogo, na umeme mkubwa umebaki ukutani. Mrija wa zamani ukivunjika, fungua madirisha, watoe watoto, na uokote vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, si kwa mikono wala ufagio, kwa kuwa ndani yake mna zebaki.

Kisha zipange. Nyaya zipitishwe upande mmoja wa tangi, zikishuka pamoja, zikifungwa kila baada ya shibiri mbili kwa vile vifungo vya kitambaa vinavyonata kama vya viatu vya watoto. Usikaze. Kidole kipite kati ya kifungo na waya. Waya uliobaki mrefu uukunje kwa mikunjo mipana iliyolegea, wala usiuviringishe kama uzi wa kufuma, maana waya uliobanwa hutunza joto. Ukitaka zisionekane kabisa, nunua ule mfereji mweupe wa plastiki unaobandikwa ukutani na kufunikwa. Misumari iliyokunjwa usitumie, maana tumeona ikitoboa waya hadi shaba. Usipitishe waya chini ya zulia, wala kwenye bawaba za mlango.

Kigeuza umeme cha taa, kile kiboksi cheusi, kining'inizwe mahali penye hewa. Kisikae ndani ya kabati lenye unyevu chini ya tangi, na kwa heshima zote tunazowapa mafundi wa kushona vitambaa, kisifunikwe kitambaa. Hupata joto, na mijusi na mende hupenda joto hilo.

Jambo la mwisho katika siku hiyo ni letu la wodini. Chukua plasta nyeupe ya hospitali, kata vipande, uandike kwa kalamu TAA, PAMPU, KICHUJIO, HITA, ukizungushie kila kipande kwenye waya karibu na plagi. Tunafanya hivyo kwenye mirija ya wagonjwa kwa sababu saa ya haraka hakuna anayekumbuka upi ni upi. Mtoto akisema moshi unatoka kwenye hita, hutaanza kufuatilia waya kwa macho. Ukimaliza, rudisha plagi mikono ikiwa mikavu, washa, na upite mkono juu ya plagi baada ya nusu saa. Vuguvugu kidogo si kitu. Ya moto izimwe.

Ikitokea ajali

Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimshike. Najua moyo wa mama utakimbilia, lakini wawili mkishikwa, nani atapiga kelele? Zima swichi kuu. Kama huifikii, simama juu ya kitu kikavu, mbao au kitabu kinene, umsukume kwa mpini wa ufagio wa mti. Angalia uwe wa mti kweli, maana mipini mingi ya siku hizi ni ya chuma.

Akiwa ameachana na umeme, mwite kwa sauti na utazame kifua. Kama haitiki wala hapumui sawasawa, mtu mmoja akatafute gari na mwingine aanze kubonyeza. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, ubonyeze kwa nguvu sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibonyezo 30 mpulizie pumzi 2 ukimbana pua. Kwa mtoto, bonyeza theluthi moja ya unene wa kifua chake. Usiache hadi apumue au apatikane mtaalamu. Penye kuungua pamwagiwe maji safi ya bomba ya kutiririka kwa dakika 20, wala si dawa ya meno, si yai, si samli. Na kila aliyepigwa na umeme wa nyumbani aende hospitali hata kama anacheka, kwa sababu tuliyoieleza juu ya yule binti.

Kuna moja ambalo akina mama wengi hawajaambiwa. Mtoto anayetambaa hutia waya mdomoni. Akiutafuna ukiwa na umeme, huungua pembe ya mdomo, na pale panaonekana pakavu, peupe au kijivu, wala hapatoki damu. Mama hushukuru na kurudi nyumbani. Kati ya siku ya 5 na ya 14, ganda linapobanduka, mshipa wa damu ulio ndani ya mdomo huweza kufunguka na mtoto akatoka damu nyingi ghafla, mara nyingine akiwa usingizini. Ikitokea, bana mdomo pale panapotoka damu kwa kidole gumba ndani na kidole cha shahada nje, ukaze, usiachie, uende naye hivyo hivyo hospitali. Kwa majuma hayo mawili mtoto alale karibu na mtu mzima.

Moto ukiwaka nyuma ya tangi, maji ya tangi yasimwagwe juu yake kabla swichi kuu haijazimwa. Wa Tanzania wapige 114, Zimamoto.

Kuhusu baba watoto, tunajua atakachosema: tangi lina miaka 3 na halijamdhuru mtu. Usibishane naye. Mwombe tu mchungulie pamoja kule nyuma, yeye akishika tochi, na umwoneshe plagi iko wapi na maji yako wapi. Wanaume wengi wakiona wenyewe huenda dukani siku hiyo hiyo. Lakini mara nyingi aliyelinunua tangi siye anayeliosha. Kwa hiyo binti wa kazi naye aitwe aone, na mtoto wa miaka 8 aitwe, waoneshwe swichi kuu ilipo na jinsi inavyoshushwa. Kama iko juu, pawepo kigoda chini yake siku zote. Mwache kila mmoja aizime mwenyewe mara moja, hata kama friji itanyamaza kwa dakika moja na baba akakosa kipande cha taarifa ya habari.